Robo ya Mia

Leo nimekabidhi ufunguo wa kabati.
Mkuu mpya wa idara, kijana wa Kisauni,
ameupokea kwa mikono miwili kama sahani ya moto,
akauliza, "Mna nini ndani, Mwalimu Barke?"
Nikamwambia: mitaala.
Hakucheka. Wala sikuwa nafanya mzaha.

Mvua za Mei zimepita humo miaka,
vitabu vimegandana.
Juu kabisa vipya, vimejaa picha na "shughuli",
chini yake vile vinene vya mfumo uliokwisha juzi,
chini zaidi majedwali ya logi, rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
na karibu na sakafu, wakilala pamoja na mende,
wale wazee wa mwaka wa seti.

Mwaka wa seti! Tulikuwa kidato cha pili, hapa hapa Tudor.
Bwana D'Mello alichora maduara mawili yaliyopandana,
akatangaza hesabu za zamani zimekufa.
Huku vitu vya manjano, huku ndizi,
na palipokutana, ndizi mbivu.
Nikaenda nyumbani Kibokoni na la seti tupu:
haina kitu, lakini yenyewe ni kitu.
Baba, karani wa mizigo bandarini,
akageuza mfuko wa kanzu nje:
"Basi mwambie mwalimu wako
karo ya muhula huu nitamletea ndani ya hii."

Haikupita miaka mingi, seti zikaondolewa.
Barua moja, muhuri, basi.
Nilikuwa sasa mwalimu mgeni, chaki nywele nzima,
nikirudi kwenye *gawa, toa, onyesha kazi yako*,
nikifundisha kwa Kiingereza,
watoto wakikosea kwa Kiswahili.

Kisha wakaja watu wa semina, na chai, na sambusa,
karatasi kubwa ukutani, kalamu za rangi nne.
Mwanafunzi awe katikati. Mwalimu asogee kando.
Mwezeshaji akaandika thelathini na sita mara ishirini na tano,
akatugeukia kama mtu aliyefukua hazina:
"Ishirini na tano si robo ya mia?
Gawa kwa nne, tia sifuri mbili. Mia tisa!"
Wenzangu wakapiga makofi.
Mimi sambusa ilinikwama.

Mamangu aliuza mikate ya mofa mlangoni,
senti ishirini na tano mmoja,
na hakupata kushika kalamu.
"Ndoo hapa, mwanangu. Shilingi ina robo nne.
Mikate thelathini na sita, itie mafungu ya nne nne.
Mafungu mangapi? Tisa. Basi shilingi tisa,
na huyo mteja asikubabaishe."
Nilikwenda nayo mtihanini.
Bwana D'Mello akaandika pembeni:
jibu ndilo, njia siyo. Sifuri.
Nililia mpaka Makadara.

Haya yote nilikuwa nayasimulia kila semina,
nikichekwa, nikipendwa kwayo.

Leo, chini ya wale wazee wa seti,
kijana amevuta karatasi ya mtihani, imeliwa kona.
Mejumaa Bakari, kidato cha kwanza.
Leso arubaini na nane, kila moja shilingi ishirini na tano.
Mstari mmoja tu, mwandiko wa kuinamia kulia:
*kumi na mbili za mia.*
Na wino mwekundu, mwandiko wangu wa ujanani,
ule niliojivunia:
*Njia gani hii? 0/3.*

Alikuwa akivuka feri kila alfajiri kutoka Likoni.
Alikuwa akiinua mkono.
Sikumbuki siku aliyoacha kuinua;
nakumbuka tu kwamba darasa lilikuwa limetulia,
na mimi nilidhani wameelewa.

"Hii tuitupe?" kijana anauliza.
Nimeikunja nusu, nikaikunja tena ikawa robo,
nikaitia mkobani.
Vingine ni vyake: kabati, mende, mtaala mpya,
na ile kalamu nyekundu,
bado ina wino.